Jinsi ya kuwasikiliza wanajazz waliosahaulika: anza na rekodi zao za uzeeni

Swali ni lilelile kila mara, liwe limekuja kwa ujumbe wa simu au tumekaa kijiweni: "Nataka kuanza kusikiliza jazz ya Marekani, nianzie wapi?" Na wengi hupewa jibu lilelile: Miles Davis, John Coltrane, albamu nne tano za miaka ya 1950 na 1960, basi. Mtu anafungua, anakutana na saksafoni inayokimbia bila kuvuta pumzi, anavumilia nyimbo mbili, anarudi kwenye zilipendwa zake.

Mimi nakushauri njia nyingine. Chukua mpigaji ambaye jina lake halitajwi sana, uanze na alichorekodi akiwa na miaka hamsini na kitu, sitini, sabini. Ukishamzoea ndipo urudi kwenye ujana wake. Mzee hana haraka, anapiga noti chache na anaziacha zisikike, kwa hiyo sikio geni linapata nafasi ya kumfuata. Isitoshe, rekodi za kuanzia miaka ya 1980 kwa kawaida zina sauti safi. Besi inasikika kama besi, si mngurumo wa chini ya maji.

Jambo moja kabla hatujaenda mbali, kwa sababu linawachanganya wengi hapa mjini. Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz na NUTA Jazz zilikuwa bendi za dansi, hata kama majina yao yana neno Jazz. Ukiwa umelelewa na hizo, usikae ukisubiri chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wacheze. Kwenye jazz ya Marekani mambo huenda hivi: wanapiga wimbo wenyewe, kisha mmoja mmoja anatoka na maneno yake juu ya mzunguko uleule, kisha wanaurudia wimbo na kufunga. Nadharia yote unayohitaji kwa sasa ndiyo hiyo.

Unachohitaji

Simu na bando. Sauti peke yake kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde inakula takriban MB 72 kwa saa. Ukipandisha hadi 320 inakuwa MB 144. Kilobiti 160 zinatosha kabisa kuanzia. Video hula zaidi, na hapa huna cha kutazama zaidi ya picha ya jalada, kwa hiyo tumia programu ya muziki. Kama kazini kuna Wi-Fi na programu yako inaruhusu, pakua hukohuko.

Visikilizio vya waya vya bei ya kawaida, vinavyoziba sikio vizuri. Kariakoo vimejaa. Vijaribu palepale dukani kabla ya kulipa, masikio yote mawili.

Daftari na kalamu. Ukipenda, andika kwenye simu, ila simu ina tabia ya kukupeleka kwingine.

Huhitaji kujua noti, wala kupiga ala yoyote.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja

Mmoja tu. Usichukue orodha ya nyimbo mia iliyopangwa na programu. Hiyo ni ya kupikia. Nakupa sita, chagua mmoja.

*Horace Tapscott*, piano. Kwa mtu wa Dar, ningeanza na huyu bila kusita. Alizaliwa Houston mwaka 1934, akakulia Los Angeles. Mwaka 1961 aliacha kuzunguka na bendi kubwa ya Lionel Hampton, alikokuwa akipuliza tromboni, akabaki mtaani kwake kujenga okestra ya watu wa hapohapo, Pan Afrikan Peoples Arkestra. Uamuzi huo ndio uliomfanya asijulikane: kampuni nyingi za rekodi za jazz zilikuwa New York, yeye alikuwa anafundisha vijana wa mtaa. Mwaka 1997 ilitoka albamu yake iitwayo *Thoughts of Dar es Salaam*. Ndiyo, Dar hii hii. Ni watu watatu tu: yeye kwenye piano, Ray Drummond kwenye besi (ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa ikiwa imesimamishwa), Billy Hart kwenye dramu. Alifariki Februari 1999.

*Shirley Horn*, anaimba huku akijipigia piano. Mtu wa Washington. Alirekodi mwaka 1960, Miles Davis akamsifu na kumwita New York, lakini kwa miaka mingi alichagua kubaki nyumbani kumlea binti yake, akipiga klabu za karibu. Alirudi kwa kishindo mwaka 1987 na rekodi ya jukwaani, *I Thought About You*, na mwaka 1992 ikaja *Here's to Life*. Anaimba polepole kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kuna mahali utadhani wimbo umeisha, kumbe anafikiria neno linalofuata.

*Mal Waldron*, piano. Alikuwa msindikizaji wa mwimbaji Billie Holiday katika miaka ya mwisho ya maisha ya mama yule. Mwaka 1963 dawa za kulevya zilimwangusha kiasi cha kusahau kupiga. Alijifunza upya, pamoja na mambo mengine, kwa kusikiliza rekodi zake mwenyewe. Akahamia Ulaya, akaendelea kurekodi mpaka karibu na kifo chake mwaka 2002. Anarudiarudia kifungu kidogo mpaka kinakuingia.

*Randy Weston*, piano. Huyu ana mlango wa Kiswahili: kwenye *Uhuru Afrika* ya mwaka 1960, Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akighani kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilipiga marufuku rekodi hiyo. Lakini hiyo ni ya ujanani, iweke akiba. Wewe anza na *The Spirits of Our Ancestors*, iliyorekodiwa 1991.

*Frank Morgan*, saksafoni ya alto. Albamu ya kwanza 1955, ya pili 1985. Katikati ni heroini na magereza. *Easy Living* ya 1985 ni nyepesi kusikiliza na inauma.

*Andrew Hill*, piano. Mgumu kidogo, usianze naye. *Time Lines* ya mwaka 2006 aliirekodi akiwa tayari anaumwa saratani, akafariki mwaka uliofuata.

Hatua ya 2: Hakikisha mwaka wa kurekodi

Hapa ndipo wanaoanza wanapotelea. Mwaka unaouona kwenye programu, chini ya jina la albamu, mara nyingi ni mwaka ambao rekodi ilitolewa upya au kupandishwa mtandaoni. Mtu ananiambia amesikiliza "ya uzeeni" ya mwaka 2011, tukichunguza ni ya 1958 iliyosafishwa sauti.

Fanya hivi: andika jina la albamu na la mpigaji kwenye Discogs, tovuti yenye orodha za rekodi, au kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, utafute neno *Recorded*. Usiridhike na *Released*. Kisha toa mwaka wa kuzaliwa wa mpigaji kwenye mwaka huo, upate umri wake siku ile. Andika umri huo kwenye daftari, juu kabisa ya ukurasa. Utakushangaza baadaye.

Mitego mitatu ya kuangalia:

Rekodi iliyofichwa kabatini. *Passing Ships* ya Andrew Hill ilitoka mwaka 2003, kwa hiyo inaonekana ya uzeeni. Ilirekodiwa 1969, kampuni ikaikalia zaidi ya miaka thelathini.

Majina yanayofanana. Bill Evans mpiga piano alifariki 1980. Kuna Bill Evans mwingine, mpiga saksafoni aliyezaliwa 1958. Programu wakati mwingine huwachanganya kwenye ukurasa mmoja.

Mikusanyo. Ukiona jina la albamu lina *Best of* au *Essential*, iache kwa sasa. Humo ujana na uzee vimechanganywa, hutajua kipi ni kipi.

Hatua ya 3: Tengeneza sauti

Sasa tuongelee sabufa, maana najua unayo. Ile iliyokaa chini kwenye kona ya sebule, taa zinawakawaka, kitufe cha besi kimezungushwa mpaka mwisho na hakijaguswa tangu siku iliponunuliwa. Kwa singeli inafaa. Kwa piano, besi na dramu itakuharibia kila kitu: mkono wa kushoto wa mpiga piano na besi vinameza kila kilichobaki, na unabaki kusikia bomba linagonga ukuta.

Rudisha kitufe cha besi katikati, au chini kidogo ya katikati. Toa boksi kwenye kona, liweke mbali na ukuta, liinue kutoka sakafuni hata kwa stuli ya plastiki, kwa sababu kona na sakafu ndizo zinazokuza ule mngurumo. Kwenye simu zima kile kipengele cha kuongeza besi. Kisha jaribu: weka trio ya Tapscott, umtafute Ray Drummond. Ukisikia kidole kikikwaruza uzi kabla ya noti kutoka, umepata. Ukisikia *duu, duu* tu, punguza tena.

Kama huwezi kuitawala sebule, tumia visikilizio.

Na muda. Dar haina kimya, ina nafuu tu. Yangu ni kati ya saa nne na saa sita usiku, jirani akishazima. Wengine wanapenda alfajiri baada ya swala. Zima feni kwa dakika chache ukiweza kuvumilia joto. Ule mvumo wake unafunika kabisa brashi za mpiga dramu, zile fimbo za nyuzi laini anazopangusia ngoma, na kwa Shirley Horn brashi ni nusu ya habari. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Daladala haifai kabisa kwa kusikiliza mara ya kwanza. Ukiwa umekwama kwenye foleni ya Ubungo, rudia unayoijua tayari.

Hatua ya 4: Sikiliza wimbo mmoja mara tatu

Albamu nzima itasubiri. Chagua wimbo mmoja wa mwendo wa polepole.

Mara ya kwanza, kaa tu. Usiandike, usijibu ujumbe.

Mara ya pili, mfuate mpiga besi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengi wanashangaa kwa nini nawaambia hivyo wakati aliyewaleta ni mwingine. Besi ndiyo inayokuonyesha mzunguko unaanzia wapi na unarudi wapi. Ukimshika huyo, hupotei tena hata mwenye piano akienda mbali namna gani.

Mara ya tatu, mfuate mwenye jina, na usikilize hasa anaponyamaza. Mchezaji bao mkongwe hukaa na kete mkononi watu wote wakimsubiri, na akizishusha mchezo umegeuka. Wapigaji hawa wako hivyo. Weka alama kwenye daftari, dakika na sekunde, kila mahali alipoacha nafasi uliyodhani angeijaza. Tatu au nne zinatosha.

Onyo: usihesabu makosa. Mkono wa mtu wa miaka sabini unaweza kuteleza, pumzi ya mpuliza saksafoni inafupika. Ukikaa kama mtahini utatoka na alama na hujasikia muziki.

Hatua ya 5: Weka wa zamani na wa sasa pamoja

Ukishauzoea wimbo wa uzeeni, tafuta wimbo huohuo kama mtu yuleyule alivyoupiga zamani. Sehemu hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote, na wengi wanairuka.

Kwa Tapscott chukua *The Dark Tree*. Upo kwenye albamu yake ya kwanza, *The Giant Is Awakened* ya mwaka 1969, ukiwa na besi mbili na kijana Arthur Blythe kwenye saksafoni, wote wanasukuma. Kisha sikiliza alivyoupiga jukwaani Hollywood mwezi Desemba 1989, akiwa na klarineti ya John Carter, besi ya Cecil McBee na dramu za Andrew Cyrille. Ni mrefu zaidi sana. Ule mdundo wa chini unaojirudia upo palepale, lakini mwaka 1989 hakuna anayeusukuma. Wanauacha uende wenyewe, wao wanatembea juu yake. Sikiliza mkono wa kushoto wa Tapscott katika zote mbili kabla hujasikiliza kingine chochote.

Kwa Waldron kuna *Left Alone*. Aliurekodi mwaka 1959 na Jackie McLean kwenye saksafoni, na mwaka 1986 wakakutana watu walewale wawili, wakaupiga tena. Saksafoni ya 1959 inalia. Ya 1986 imekauka kidogo, na mimi naipenda zaidi hiyo. Wengine watakubishia, na wana hoja.

Kwa Weston, *Blue Moses*: kwanza ile ya 1972 yenye piano ya umeme, ala ambayo mwenyewe hakuipenda, halafu ile ya 1991 kwenye piano halisi.

Andika sentensi mbili tu: kipi amekiacha, kipi amekibakiza. Usiandike "imekuwa nzuri zaidi" wala "imepungua".

Hatua ya 6: Fuata waliomsindikiza

Rudi Discogs, soma majina yote ya kwenye rekodi, uchague moja usilolijua. Hivyo ndivyo utakavyompata Melba Liston. Mama huyu alikuwa mpuliza tromboni, na ndiye aliyempangia Randy Weston muziki kwenye *Uhuru Afrika*. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupiga. Akaendelea kupanga muziki kwa msaada wa kompyuta, na *The Spirits of Our Ancestors* ni mpangilio wake. Kwa hiyo unaposikia ala za kupuliza zikiingia mle ndani, unamsikiliza mtu aliyesahaulika mara mbili: kwanza kwa sababu ni mwanamke kwenye tromboni, pili kwa sababu jina lake liko kwa maandishi madogo.

Hatua ya 7: Kaa naye kwanza

Usihamie kwa mwingine mpaka uweze kumtambua ndani ya sekunde chache bila kuangalia skrini. Mwombe mtu wa nyumbani akuchezee nyimbo kadhaa kwa kuchanganya, ujaribu.

Ikigoma

*"Nasikia kelele tu."* Umeanza na wimbo wa kasi au na Andrew Hill. Rudi kwa Shirley Horn, wimbo wa polepole, kisha rudia hatua ya 4 kwa besi peke yake.

*"Nasinzia."* Si dhambi. Sikiliza ukiwa umekaa kwenye kiti, si kitandani, na kabla ya ugali.

*"Sauti yake imekwaruza, siipendi."* Kama umewahi kumsikiliza Bi Kidude, sikio lako linaiweza hii kazi, na kama uliwahi kuwasikia wale wazee wa Shikamoo Jazz miaka ya 1990, ndiyo kabisa. Ni suala la kulipeleka sikio hilohilo kwenye lugha nyingine.

*"Albamu hii ya mwisho mbona baridi?"* Huenda ni baridi kweli. Si kila rekodi ya uzeeni ni nzuri, na nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya soko: mgeni maarufu kila wimbo, vinanda vya nyuzi vimejaa mpaka mwenyewe haonekani. Kipimo changu ni kimoja: ukiondoa sehemu zake, je, wimbo unabaki uleule? Kama ndiyo, achana nayo. Ila angalia kwanza kilichompata. Shirley Horn alikatwa mguu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya kisukari, na mguu ndio unaokanyaga pedali ya piano. Kwenye *May the Music Never End* ya 2003, kwa sehemu kubwa piano inapigwa na George Mesterhazy. Ukilijua hilo, utasikiliza anavyojipanga upya bila kinanda chake, na hapo albamu inafunguka.

*"Siipati kwenye programu yangu."* Rekodi za kampuni ndogo zinapanda na kushuka. Jaribu kuandika jina la mpigaji pamoja na la mpiga besi, si la albamu. Ikishindikana, chukua ya miaka ya jirani. Hatua zote zinafanya kazi vilevile.

*"Nimewamaliza wote sita."* Mtafute mpiga piano Hank Jones, hasa *Sarala* ya mwaka 1995 aliyoipiga na wanamuziki wa Mali, na *Steal Away* ya mwaka huohuo, yeye na besi ya Charlie Haden tu. Kisha mwimbaji Jimmy Scott, *All the Way* ya 1992. Kisha mpiga piano Horace Parlan, ambaye polio ilimharibu mkono wa kulia akiwa mtoto, akajenga upigaji wake juu ya wa kushoto; sikiliza *Goin' Home* ya 1977 akiwa na mpiga saksafoni Archie Shepp. Parlan alikuwa na miaka 46 tu wakati huo, kwa hiyo kwa kanuni zangu bado kijana, ila nimempitisha.